Masikio ya Bunda, Tumbo la Butiama

Tulipoanua matanga ya bibi, wiki kadhaa baada ya mazishi, shangazi alisimama katikati ya ua pale Butiama, akakaza kanga kiunoni, akasema, "Haya jamani, tugawane."

Alikuwa anazungumzia vyombo. Masufuria yalikuwa yamepangwa juu ya mkeka, kinu kimelazwa ubavu, mabeseni yamefunikana kama kofia. Kila mtu alielewa. Hata mimi nilielewa. Lakini bila kupenda nikaanza kumtafuta mdogo wangu Majura kwa macho, nihakikishe bado ana masikio mawili.

Mimi ndivyo nilivyo. Nimemaliza chuo, kazi bado natafuta, na jambo dogo nalifikiria mpaka linachacha. Mtu akinijibu "sawa" na kuweka nukta mbele yake, siku yangu imeharibika. Ila hofu ya neno kugawana sikuitoa chuoni. Niliipata Musoma, nyuma ya nyumba yetu, nikiosha vyombo, katika umri ule ambao mtoto husikia kila kitu na kuelewa nusu.

Majura hakufanana na watoto wa mtaa wetu. Alisoma maandishi ya kwenye mifuko ya saruji kabla hajaweza kufunga kifungo cha shati lake. Alipenda kufuli. Sokoni, mama alikouza dagaa, alipita kibanda hadi kibanda akiuliza, "Kufuli lako linafungukia kushoto au kulia?" na asipojibiwa aliuliza tena, kwa sauti ile ile, mpaka ajibiwe. Sufuria mbili zikigongana aliziba masikio na kulia kama aliyeungua. Mchuzi ukigusa ugali hakula, siku hiyo wala kesho yake. Watu walisema ana kiburi. Wengine walisema amedekezwa. Wengine walisema maneno ambayo mama aliyaitikia kwa kuinama na kuendelea kupima dagaa.

Mambo ya salamu ndiyo yaliyomtesa mama kuliko yote. Majura alikuwa haamkii watu. Alipolazimishwa, aliuliza shikamoo maana yake nini, na jirani mmoja, kwa utani, akamwambia maana yake ni nashika miguu yako. Jumapili iliyofuata, mlangoni mwa kanisa, Majura alipiga magoti mbele ya mzee wa kanisa, akamkamata vifundo vyote viwili. Mzee akayumba, Biblia ikadondoka.

"Mwachie baba wa watu!" mama akapiga kelele.

"Bado hajasema marahaba," Majura akajibu kutoka chini.

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama hakucheka. Tulirudi nyumbani njia ya nyuma.

Baba alifanya kazi kivukoni Kisorya, akija nyumbani mara chache. Shangazi, dada yake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bunda. Ni yeye aliyesema basi, imetosha, akamchukua mama na Majura mpaka hospitali kubwa Mwanza. Waliporudi, mchana wa jua kali, mama na shangazi walikaa uani, mama akichambua dagaa kwenye ungo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, nakwangua ukoko wa ugali. Niliacha kukwangua.

"Wanaita Aspaga," shangazi alisema. Jina lenyewe ni Asperger, lakini hivyo ndivyo lilivyofika nyumbani kwetu, na kwa miaka mingi ndivyo tulivyolitamka.

"Aspaga ndiyo ugonjwa gani, wifi?"

"Si ugonjwa. Ndivyo alivyoumbwa. Akili anayo, tena nyingi, ila inapita njia yake."

"Na dawa?"

"Haina dawa. Daktari kasema mtu mmoja haiwezi hii kazi. Huyu mtoto ni wa kugawana."

Nikasikia ungo umeacha kutikiswa.

"Jitazame wewe mwenyewe, wifi," shangazi akaendelea. "Hulalagi. Hulagi. Tusipomgawana mapema utaanza kwisha wewe."

"Nani sasa achukue nini?"

"Masikio nichukue mimi, niyapeleke Bunda. Tumbo ni la mama, kule Butiama. Si kwake ndio anakulaga? Mikono ubaki nayo wewe hapa. Ulimi tumpe kaka."

"Na kichwa?"

Shangazi alivuta pumzi. "Kichwa ni cha wote."

Mama alilia. Nilimsikia vizuri, kile kilio cha kumeza. Alilia lakini hakukataa.

"Lini?" akauliza.

"Jumamosi, kwa mama. Kaka nimeshampigia huko Kisorya, kivukoni wamempa ruhusa. Tutachinja."

Hakusema tutachinja nini.

Msinicheke kwanza. Kwa bibi, ng'ombe akichinjwa, nyama haikuwa nyama tu. Kila kiungo kilikuwa na mwenyewe. Ulimi ulikwenda kwa wanaume, tumbo lilikuwa la bibi, miguu ya mbele ilikuwa na nyumba yake na mbavu zilikuwa na nyumba yake. Sisi watoto tulitumwa na vipande juu ya majani ya mgomba, damu ikitutiririkia viganjani, na ole wako ukosee mlango, maana watu wazima wangeweza kununiana mwaka mzima kwa ajili ya kidari. Kazi hiyo iliitwa kugawana. Halafu wakati ule, ninyi mliokulia kanda ya ziwa mnakumbuka, kulikuwa na habari za watu kuvamiwa na kukatwa viungo. Wazazi walizima redio tulipoingia ndani. Walidhani hatusikii. Tulikuwa tunasikia, tukaenda kuzimalizia wenyewe vichakani.

Kwa hiyo mimi, nikiwa nimeshika sufuria, nilielewa kila neno. Daktari wa Mwanza amesema Majura hana dawa. Wamekubaliana. Masikio yanakwenda Bunda.

Ningemwambia nani? Wote walikuwa kwenye mgawo. Mama ndiye angebaki na mikono. Kila aliponigusa wiki ile, akinisuka au akinifunga sare, nilijikunja, naye alidhani nina homa, akanitengenezea uji wa limau. Niliunywa huku namwangalia mikono yake yenye harufu ya dagaa, nikijiuliza mtu anawezaje kuwa na mikono yake miwili na bado akataka mingine.

Nikaamua kumtengeneza Majura. Niliona kama Jumamosi ikifika wamkute ni mtoto kama watoto wengine, huenda wakaahirisha. Nilimfundisha kumtazama mtu machoni. "Yako mawili," alisema. "Natazama lipi?" Nilimfundisha kucheka wengine wakicheka. Alicheka kwenye msiba wa jirani. Mwisho nikajaribu chakula. Nikamwaga mchuzi juu ya ugali wake, kidogo tu, pembeni, nikambembeleza, nikamwambia kula Majura, kula tafadhali, kula wakuone. Alinitazama, jicho moja, kisha akala tonge moja kwa ajili yangu. Akatapika mpaka akalala sakafuni. Siku ile nilijua sina tena ninachoweza.

Jumamosi Butiama kulikuwa na jua la kupendeza, na hilo lilinitisha zaidi. Bibi alikuwa mlangoni, mikono wazi.

"Mume wangu kafika!"

"Mimi si mume wako," Majura akasema. "Mume wako alikufa."

"Ee, na wewe ndiye niliyebaki naye. Uniache tena?" Bibi akacheka, meno yake machache yakaonekana yote. Nilishindwa kuelewa. Yule yule bibi, anayempenda, ndiye mwenye tumbo.

Mbuzi alikuwepo, amefungwa kwenye mpera. Mtoto mwingine angemwona mbuzi yule akapumua. Mimi nilimfikiria mpaka mwisho. Kila shughuli ina kitoweo cha wageni, nikajiambia. Mbuzi ni kitoweo. Shughuli yenyewe ni nyingine.

Shangazi alitoa utepe wa fundi cherehani kwenye mkoba. "Majura, simama wima nikupime." Akampima mkono, akampima kifua, akazungusha utepe kiunoni, akimpigia mama kelele ndani: "Mikono mifupi, wifi! Mabega nitayapunguza!" Chini ya mpera, baba alikuwa amechuchumaa kwenye jiwe, ananoa kisu. Kisu kililia shwaa, shwaa, na Majura akaziba masikio.

"Twende tukaone kufuli," nikamwambia.

"Liko wapi?"

"Kule kwenye majabali."

"Kwenye majabali hakuna kufuli," akasema. Lakini kisu kililia tena, naye akanifuata.

Nyuma ya boma la bibi kuna mawe makubwa kama nyumba, yameegemeana, na katikati kuna ufa wa kutosha watoto wawili. Tuliingia humo. Palinuka mikojo ya pimbi na majani makavu. Majura alikuwa anatikisika, ile sauti ya kisu ilikuwa bado imemkaa. Kumkumbatia haikuwezekana, alikuwa anachukia kushikwa, lakini alipenda uzito. Hilo nililijua mimi peke yangu. Nikakaa juu ya miguu yake, kwa uzito wangu wote, kama gunia, na baada ya muda akaacha kutikisika.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, masikio, tumbo, mikono, ulimi. Alisikiliza akitazama jiwe.

"Kwa kisu au kwa panga?"

"Sijui, Majura."

"Wakichukua masikio sitasikia tena masufuria," akasema, akifikiri. "Lakini ulimi siutoi. Nautumia."

Chini kule mbuzi akapiga ukelele mmoja, kisha kimya. Nikakandamiza uso magotini. Muda haukupita mwingi tukasikia majina yetu. Mama anaita, shangazi anaita, kisha baba, sauti yake ya kivukoni, ile ya kupangia watu na magari: "Majura! Uko wapi?"

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Akakiondoa. Mtu ameulizwa swali.

"Niko kati ya mawe mawili!" akajibu kwa sauti kubwa. "Dada amekalia miguu yangu!"

Baba alitokea mbele ya ufa, jua nyuma yake. Alikuwa ametoka kuchuna. Mikono ilikuwa na damu mpaka viwiko, na kisu alikuwa amekisahau mkononi. Nilinyoosha mikono yangu mbele ya Majura. Nilitaka kusema chukua yangu, nakumbuka kabisa nilitaka kusema hivyo. Nilijikojolea, na mkojo ukanitoka bila aibu yoyote, kama wa mtu mwingine.

Majura alichungulia juu ya bega langu.

"Baba, unaanza na masikio au na ulimi?"

Baba alicheka. Kicheko kilitoka nusu, kikasimama. Akanitazama mimi, akatazama mikono yangu iliyonyooka, akafuata macho yangu mpaka kwenye kisu chake. Akakitupa mbali, nikakisikia kinagonga jiwe. Kisha mtu yule mkubwa akakaa chini kwenye majani.

"Nani kakwambia hivyo, mwanangu?"

"Dada. Alimsikia shangazi. Masikio ya Bunda, tumbo la Butiama, mikono ya mama, ulimi wako. Kichwa ni cha wote."

"Mama!" baba akaita. "Mama Majura, dada, wote, njooni. Njooni msikie tulichowafanyia watoto."

Walikuja. Majura akarudia maneno yale yale kama nilivyomsimulia, hata ile pumzi ya shangazi kabla ya kichwa. Shangazi alijishika mdomo. Mama alinivuta kwenye kifua chake na nguo zangu zilizolowa, akawa anasema jina langu tu. Bibi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Tumeongea kama watu wa ng'ombe," akasema. "Watoto nao wamesikia kama watu wa ng'ombe. Kosa lao liko wapi?"

Shangazi alipiga magoti mbele ya ufa. Alieleza pole pole. Yeye angempeleka Majura kupimwa masikio, na muhula ujao angekwenda kusoma shuleni kwake Bunda, darasa lenye watoto wachache na kelele kidogo. Utepe ulikuwa wa sare. Bibi angeshughulikia kula. Mama angemfundisha vifungo na penseli. Baba angemzoesha kuongea na watu.

"Hatukukati, mwanangu. Maana yake tutakubeba pamoja."

"Sibebeki," Majura akasema. "Mimi ni mzito."

"Maana yake uko mikononi mwetu."

"Niko kwenye mawe."

Baba akafuta mikono kwenye majani, akauliza, "Wewe unataka tusemeje?"

"Semeni Jumatatu nani atanipeleka shule."

"Mama atakupeleka."

"Semeni nani atapika, na saa ngapi."

Wakasema. Pale pale, wamekaa kwenye majani, mbuzi akisubiri bila ngozi chini ya mpera, watu wazima wanne walisema siku moja baada ya nyingine, nani yuko wapi, nani anampokea nani, mpaka Majura akasema sawa, akaniambia niondoke kwenye miguu yake kwa sababu imekufa ganzi.

Hivyo ndivyo tulivyomlea. Haikuwa rahisi. Kuna wakati shangazi na mama walikosana wiki nzima kuhusu shule, na kuna wakati baba alimpeleka kusalimia abiria kivukoni, Majura akawaambia wote kwa zamu kwamba kivuko kimechelewa. Lakini neno lililosemwa lilifanyika, siku iliyosemwa. Nyumbani tuligeuza mambo yale kuwa utani. Shangazi tulimwita Masikio. Bibi alijiita mwenyewe Tumbo. Mimi nilicheka pamoja nao, ila neno kugawana lilibaki ndani yangu na kisu chake. Na mama, nilikuja kujua baadaye, mchana ule wa dagaa alilia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hayuko peke yake.

Majura sasa ni mtu mzima. Anatengeneza kufuli na kuchonga funguo kwenye kibanda chake Musoma, na wateja wameshamzoea. Kila Jumamosi alikwenda Butiama, bibi akampa ugali wa mhogo kwenye sahani moja na samaki kwenye nyingine. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi alikwenda vile vile. Jirani alimkuta kibarazani jioni, amekaa na sahani mbili tupu magotini. Tangu hapo anakonda. Suruali ameifunga kwa kamba.

Ndiyo maana siku ya kuanua matanga, vyombo vilipokuwa vinaitwa, sufuria kubwa kwa mama, kinu kwa shangazi, sikuweza kufuatilia. Nilimwona Majura amesimama mlangoni mwa ghala, ameshika kufuli la bibi, ambalo aliliomba kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Nilijua anasubiri. Nilijua anasubiri nini.

"Na tumbo?" akauliza.

"Tumbo gani, mwanangu?" shangazi akasema.

"Langu. Lilikuwa la bibi. Bibi amekufa. Sasa ni la nani?"

Mama alitazama mikono yake, ambayo siku hizi inavimba viungo. Shangazi amestaafu, miguu haimpeleki mbali. Baba akakohoa. Na mimi nikafikiri kila kitu kwa mara moja, kazi niliyoomba mbali, nyingine niliyoomba mbali zaidi, kwamba sijui kupika ugali wa mhogo usio na madonge, kwamba siku moja nitachelewa, kwamba mama na baba watakuja kuondoka nao, na baada ya tumbo yatakuja masikio, na mikono, na ulimi, vyote vikitafuta mwenyewe, na ua huu utakuwa na mtu mmoja tu.

"Langu," nikasema.

"Tumbo lako au langu?"

"Lako. Nalichukua mimi."

"Halichukuliki."

Kweli. Nilikuwa nimesahau. Nikaanza upya.

"Jumamosi nitakuja kwako Musoma. Nitapika ugali wa mhogo na sato. Sahani mbili. Havitagusana."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Ukipata kazi mbali?"

Swali lile nilikuwa nimejiuliza mwenyewe tangu mazishi, na kila mara nilikimbia kabla ya jibu. "Siku nitakayojua, siku hiyo hiyo nitakuambia. Na nitakuambia nani atapika."

Akafikiri. "Sawa," akasema, akatia kufuli mfukoni. Kisha akanitazama, jicho moja, lile alilolichagua zamani. "Dada, unatetemeka."

"Naogopa."

"Wanagawana vyombo," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei.

Akaja nilipokuwa nimekaa, akanigeuzia mgongo, akakaa juu ya miguu yangu kwa uzito wake wote. Shangazi akainua beseni, akaita jina la mwenyewe. Miguu ikaanza kufa ganzi. Sikuiondoa.